Nguchiro na Dawa Iliyofungiwa Chunguni

Zamani hizo, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanakaa majumbani, wakifagia nyua zao asubuhi na kubishiana hodi milangoni, palikuwa na nchi moja ya mabonde iliyoitwa Kitivoni.

Kitivoni kulikuwa na homa. Ilikuja kila mvua zilipokwisha, na iliwapenda wadogo. Mtoto aliyeamka akicheza, jioni ungemkuta anatetemeka, meno yanagongana ka-ka-ka, macho mekundu. Dawa yake ilijulikana. Ilitoka kwenye magome ya mti mchungu, na aliyeipika alikuwa mmoja tu, Bwana Nyati.

Nyati alikuwa na uwanja mpana wenye mafiga makubwa, na vyungu ambavyo nyinyi nyote mngeweza kujificha ndani ya kimoja. Mpishi wake alikuwa Ngiri. Kutwa moto uliwaka, na vyungu vilitokota, to-ko, to-ko, to-ko.

Lakini dawa haikutoka hivi hivi. Bi Tembo, mtawala wa Kitivoni, alikuwa amemweka Bi Kifaru kuwa mkaguzi. Kila chungu, Kifaru alikinusa, msaidizi wake Kanga akakionja, kisha Kifaru akasema, "Haya, itoke." Asiposema hivyo, haikutoka.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ugomvi ulipoanzia. Mwaka uliotangulia, chungu kimoja kilitoka kikali mno. Mtoto wa Swala alikunywa asubuhi, na jua halikufika utosini akiwa hai. Na Kifaru ndiye aliyekuwa amesema "itoke". Alikwenda mazishini, akasimama nyuma ya wote, akarudi kwake. Tangu siku hiyo hakuwa tena Kifaru yule waliyemzoea.

Mvua zilipokwisha na homa ikarudi, alifika uwanjani kwa Nyati, ndi, ndi, ndi, ardhi ikitikisika.

"Bwana Nyati! Mwaka huu dawa itachemka kutwa nzima. Tangu jua linapochomoza hadi linapozama."

"Kutwa nzima?" Nyati akaruka. "Bi Kifaru, ukiichemsha kutwa, hiyo si dawa tena. Ni maji ya kunawia miguu! Ikifika adhuhuri inatosha."

"Adhuhuri ndiyo iliyomuua mtoto wa watu."

"Unaniita muuaji? Uwanjani kwangu?"

"Ichemke kutwa, la sivyo haitoki!"

"Itatoka!"

"Haitoki!"

Puu! Wakagongana vichwa, vumbi tifu! Kifaru akachota udongo wa mfinyanzi akaziba midomo ya vyungu vyote, akakanyaga juu yake alama ya mguu wake. Na Nyati, kwa hasira, akamwaga maji kwenye mafiga. Shwaa! Moto ukazimika.

"Basi sipiki tena," akasema. "Tuone watakuja kulia kwa nani."

Pembeni mwa bonde hilo aliishi Nguchiro, mjane, mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, na ulimi wake mwepesi kuliko miguu. Alikuwa na watoto wawili. Wa kiume aliitwa Chuki, kwa kuwa alizaliwa mwaka wa ugomvi na chuki, na wa kike aliitwa Mashavu, kwa sababu ya mashavu yake.

Chuki ndiye aliyeanza kutetemeka. Nguchiro akakimbia kwa Nyati.

"Bwana Nyati, mwanangu anaungua. Nipe dawa, tafadhali."

"Nenda kwa Kifaru," Nyati akasema bila kugeuka. "Yeye ndiye aliyeziba."

Akakimbia kwa Kifaru.

"Bi Kifaru, mwanangu anaungua."

"Nenda kwa Nyati. Yeye ndiye aliyekataa kuchemsha."

Akarudi kwa Nyati. Akarudi kwa Kifaru. Na wakati yuko njiani kati ya hao wawili, miguu imejaa vumbi, Chuki akafa. Nguchiro alimkuta Mashavu amemfunika nduguye kwa jani la mgomba, amekaa kando yake, hajui afanye nini tena.

Nguchiro akamzika mwanawe. Majirani walikuja, wakalia naye, wakaondoka kwenda kuangalia wagonjwa wao wenyewe. Asubuhi iliyofuata Mashavu alikataa uji. Nguchiro akamshika kipaji cha uso. Moto.

Safari hii hakukimbia. Alikaa kizingitini akafikiri, huku mtoto anatetemeka mgongoni mwake. Katika kule kwenda na kurudi kwake alikuwa ameona jambo moja. Nyati alimsema Kifaru kwa kila apitaye, na Kifaru alimsema Nyati kwa kila apitaye, lakini wao kwa wao hawakuzungumza tena juu ya dawa. Ngiri na Kanga, ambao ndio waliopika na kuonja, walikatazwa hata kusalimiana. Na tena, kila mmoja wa wale wakubwa alikuwa anapanga kumtangulia mwenzake mlimani kwa Bi Tembo, amshitaki.

Nguchiro akasimama, akakaza mbeleko, akaenda kwa Nyati.

"Bwana Nyati, shikamoo. Nasikia unapanda kwa Bi Tembo."

"Marahaba. Ndiyo. Kesho alfajiri, kabla yule mama hajaamka."

"Lo! Bwana Nyati!" Nguchiro akajishika mdomo. "Usiende! Hujasikia sheria mpya?"

"Sheria gani?"

"Bi Tembo amechoshwa na kelele. Amesema hivi: wagombanao wapande pamoja, wakiwa na swali moja, kwa maneno ambayo wote wawili wameyakubali. Na kabla ya wakubwa kukaa, wakae kwanza wanaofanya kazi yenyewe. Watakayoyamaliza, yameisha. Yatakayowashinda, wayapeleke kwa wakubwa wao. Yatakayowashinda wakubwa, hayo tu ndiyo yapande mlimani."

"Upuuzi! Na nikipanda peke yangu?"

"Anayefika peke yake," Nguchiro akasema polepole, "ndiye mwenye makosa. Hasikilizwi. Anahukumiwa papo hapo mlangoni."

Nyati akapumua kwa nguvu. "Nitatuma mtu aulize kama ni kweli."

"Tuma, Bwana. Lakini mtu wako akifika, si ni sawa na wewe kufika peke yako?"

Nyati akachimba ardhi kwa kwato, akafikiri, akaona hana njia.

"Kifaru anaijua sheria hiyo?"

"Ndiko ninakokwenda."

Wanangu, hapakuwa na sheria yoyote. Aliitunga kizingitini kwake, mtoto mgonjwa mgongoni. Na aliitunga kwa namna ambayo asiyeiamini asingethubutu kwenda kuihakikisha. Kifaru naye akaambiwa maneno hayo hayo, naye akahema, akazunguka nyumba yake, akasema, "Kama ndiyo sheria, nitaifuata. Mimi ni mtu wa sheria."

Mchana ule ule Ngiri na Kanga walikutana kando ya lundo la kuni, nje ya uwanja. Nguchiro aliwawekea bakuli moja la uji wakae nalo. Hakuna aliyeligusa.

"Mkuu wangu anasema kutwa nzima," Kanga akaanza, shingo imenyooka.

"Mkuu wangu anasema adhuhuri basi," Ngiri akajibu.

"Hayo ni ya wakuu wenu," Nguchiro akasema. "Wamekwisha kuyasema, na mimi nimekwisha kuzika. Nyinyi wenyewe mnaogopa nini?"

Ngiri akatazama chini. Kanga ndiye aliyejibu, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

"Mimi nilikionja chungu kile cha mwaka jana. Ulimi uliwaka, kisha ukafa ganzi. Nilidhani ni ukali wa kawaida. Nikamwambia Bi Kifaru kiko sawa. Naogopa ganzi ile, Bwana Ngiri. Ukichemsha kutwa, inaondoka. Nimejaribu nyumbani."

"Ganzi?" Ngiri akainua kichwa. "Ulimi ulikufa ganzi?"

"Ndiyo."

"Gome la ndani halitii ganzi. Ni chungu tu. Ganzi iko kwenye gamba la nje, lile jeusi lenye ukurutu. Mwaka jana wagonjwa walikuwa wengi, watu wamejaa langoni wanapiga kelele. Nilitupa magome chunguni bila kuyamenya vizuri. Nilijua. Nikasema haidhuru."

Kanga alimtazama muda mrefu. Nguchiro akadhani sasa atanyanyuka, aende kulitangaza jambo lile bonde zima. Lakini Kanga alivuta bakuli la uji, akanywa, akalisukuma upande wa Ngiri.

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Bi Kifaru aligombana na Bwana Nyati, Bwana Nyati akajibu kwa pembe. Ugomvi ukawa wa saa za kuchemsha. Gamba halikutajwa."

Basi wakazungumza. Wakakubaliana kwamba gamba limenywe lote. Hilo likaisha pale pale kwenye kuni. Lakini Kanga akasema, "Na kipande kikisahaulika? Nataka kuyaona magome kabla hayajaingia chunguni." Ngiri akatikisa kichwa. Yeye hakuona ubaya, lakini Bwana Nyati hakutaka jicho la mtu uwanjani mwake. Na habari ya kuchemsha hadi adhuhuri au kutwa, Kanga hakuwa na ruhusa ya kuikubali.

"Basi mambo hayo mawili yapande," Nguchiro akasema. "Hayo tu. Msiongeze na matusi."

Wakubwa walikutana asubuhi yake katikati ya njia, mahali ambapo si kwa huyu wala si kwa yule. Ngiri akaeleza habari ya gamba, hakujificha. Nyati alisikiliza, kichwa kikazidi kuinama.

"Uwanjani kwangu," akasema. "Na mimi nikasema Kifaru ananionea."

Kifaru hakushangilia. "Nami nilikipitisha," akasema. "Niliinusa dawa ile. Bwana Nyati, sikuipenda hiyo kutwa nzima. Nilikuwa natafuta kitu chochote cha kushika, asife mwingine. Kama gamba halimo, adhuhuri inatosha."

Nguchiro aliyasikia hayo akiwa amekaa kando, akimfuta Mashavu jasho. Akamkumbuka Chuki, ambaye maneno haya machache yangemtosha kama yangesemwa mapema. Akayameza machozi. Kazi ilikuwa haijaisha.

"Anzeni kupika," Nyati akamwambia Ngiri. "Chungu kimoja."

"Lakini nitakiziba," Kifaru akasema, "mpaka tukubaliane nani atayaangalia magome. Bila jicho la Kanga, sifungui."

"Kanga! Akae uwanjani kwangu? Siku akinuna atanizimia moto kwa neno moja!"

"Bila jicho, sifungui!"

"Bila heshima, sipiki!"

Pembe zikaanza kushuka. Nguchiro akaruka katikati yao, mdogo kama kiatu. "Jamani! Swali moja, kwa maneno mnayoyakubali wote wawili!"

Wakasimama, wanahema. Ikawachukua muda, huyu akitaka neno hili, yule akilikataa, lakini mwishowe walipata swali ambalo wote wawili waliweza kulitamka: "Je, Kanga aangalie magome uwanjani kwa Nyati, na akiona kosa, afanye nini?" Ajabu ni kwamba lilipokwisha kutamkwa lilionekana dogo sana. Hata wao waliona haya kidogo. Lakini hakuna aliyekuwa tayari kuliachia.

Ngiri alipokwisha kumenya magome na kupika hadi adhuhuri, wakapanda mlimani, Nyati na Kifaru bega kwa bega, Ngiri na Kanga nyuma yao. Mwisho kabisa alikuja Nguchiro, mtoto mgongoni, pumzi ya mtoto ikimchoma shingoni. Chini bondeni chungu kilikuwa tayari, kimezibwa kwa udongo.

Bi Tembo alikuwa anaanika mtama uani. Alipowaona, ungo ulimponyoka.

"Mmekuja pamoja?"

"Pamoja, Mkuu," wakasema, wakatoa swali lao kwa sauti moja.

Bi Tembo akapepea masikio, pwa, pwa. Hakukawia.

"Kanga atasimama pale magome yanapomenywa, si mahali pengine. Chungu kikifunikwa, ataondoka. Akiona gamba, atamwambia Ngiri. Ngiri akikataa, mtaambiwa nyinyi wawili siku hiyo hiyo. Mkishindwa, njooni kwangu kama mlivyokuja leo. Kanga hatazima moto wa mtu. Nyati hatalifukuza jicho. Nimemaliza."

Wakapumua wote. Kisha Bi Tembo akauliza, "Sasa niambieni. Siku zote mnakuja hapa mmoja mmoja, mkipiga kelele, nami siambulii kitu. Leo nani amewafundisha?"

Kifaru akashangaa. "Si sheria yako, Mkuu?"

"Sheria yangu ipi?"

Hapo, wanangu, Nyati akageuka polepole. Kifaru akageuka. Wote wakamtazama Nguchiro.

"Wewe!" Nyati akanguruma. "Umetuchezea! Nimetembezwa bonde zima kama ndama! Nitakuponda!"

Akashusha pembe, vumbi likaruka. Nguchiro hakukimbia, ingawa angeweza. Alimtoa mtoto mgongoni, akamweka chini mbele ya miguu ya Bi Tembo.

"Ni kweli, nimedanganya," akasema. "Hakukuwa na sheria. Mtoto wangu mmoja nimemzika nikiwa natumwa huku na huku. Bwana Nyati, niponde ukitaka. Lakini chungu kiko tayari, na jambo lililokiziba mmekwisha kulimaliza. Kifungueni kwanza."

Mashavu alikohoa pale chini. Kikohozi kidogo, kikavu.

"Ngiri. Kanga," Bi Tembo akasema. "Shukeni. Kifunguliwe sasa hivi. Hukumu ya Nguchiro itangoja."

Wakashuka mbio wote, Nguchiro na mtoto mgongoni, chaka-chaka-chaka. Udongo ukavunjwa. Kanga akaonja. Alikaa akingojea ulimi wake, wote wakimkazia macho, kisha akatikisa kichwa. Hapakuwa na ganzi. Kifaru akasema, "Haya, itoke."

Mashavu alikunywa, akatema, akanywa tena. Alitokwa na jasho mpaka nguo ikalowa. Siku iliyofuata aliomba uji. Nyumba nyingi ziliomba uji siku hizo. Si zote. Kuna ambao dawa iliwafikia imechelewa, na mabua ya mtama yalisimikwa juu ya makaburi yao, kama ilivyokuwa desturi ya Kitivoni.

Homa ilipotulia, Bi Tembo aliita baraza, Nguchiro akasimamishwa mbele. Na hapo lilitokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Nyati na Kifaru walisimama pamoja.

"Mkuu," Nyati akasema, "tunaomba umsamehe."

"Alitudanganya," Kifaru akasema, "lakini tulistahili."

Bi Tembo akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na hakuna aliyeona furaha usoni mwake.

"Nguchiro, sheria uliyoitunga ni nzuri kuliko nyingi nilizozitunga mimi. Kuanzia leo ni sheria ya Kitivoni. Wanaofanya kazi wataketi kwanza, kisha wakubwa wao, kisha mimi, na hakuna atakayemruka mwenzake. Hilo ni moja. La pili, ulisema kwa jina langu bila mimi kukutuma. Nikikuachia wewe kwa sababu ulisema jema, kesho atakuja mwingine na jina langu mdomoni aseme baya, nao watamtii kama walivyokutii. Kwa hiyo hutasema barazani mpaka nyasi hizi zikauke, ziungue, ziote upya. Una neno?"

Nguchiro, yule mwenye ulimi mwepesi, akafungua mdomo. Akawatazama Nyati na Kifaru, waliosimama bega kwa bega. Akaufunga.

"Sina, Mkuu."

Akainama kwa heshima, akatoka barazani. Mashavu alikuwa amemngojea langoni. Mama akachutama ambebe, kwa kuwa njia ilikuwa ndefu.

"Hapana, mama," mtoto akasema. "Natembea mwenyewe."

Akatangulia. Na mama akamfuata nyuma, bila haraka, akitazama ile miguu midogo ikitimua vumbi.

Hadithi yangu imefika mlangoni, naifungia hapo, nanyi mkumbuke hili: wakubwa wakigombana, wakutane mapema, kuanzia chini kwenda juu, kabla wadogo hawajaulipia ugomvi wao.